Fundi Mchanganyaji na Ubeti wa Nne

Kwa Fundi ulikuwa unakwenda na wimbo, unarudi na aibu zako. Sisemi hivyo kwa kumsengenya. Kazi yake ilikuwa kuchanganya sauti, na mtu anayeifanya kazi hiyo kwa uangalifu ule husikia kila kilichokuwamo chumbani siku ya kurekodi: tumbo la mpiga fidla lililonguruma kwa njaa, bangili za mwimbaji, mlango uliofunguliwa na mtu aliyeambiwa asiufungue. Sisi tuliompelekea nyimbo tulipanda ngazi zake kama watu wanaokwenda kuchukua majibu ya hospitali.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, Mji Mkongwe, katika nyumba yenye kuta nene hata simu haishiki. Ndiyo sababu alikipenda. Ndani mlikuwa na meza, skrini, spika mbili ndogo, feni ya dari aliyoizima kila alipoanza kazi, na kiti kimoja cha mgeni, kigumu. Ukiingia ulisema, "Shikamoo, Fundi," naye alijibu "Marahaba" bila ya kugeuka, akanyoosha mkono nyuma apokee ulichomletea. Nilimjua miaka mingi, na mpaka mwisho moyo ulinidunda nikifika mlangoni pale.

Watu wengi, hata waimbaji wenyewe, hawajui tofauti ya kazi yangu na yake. Mimi ni mtayarishaji. Wimbo ukiwa bado ni maneno kwenye daftari la shule, mimi ndiye ninayeamua uimbwe kwa mahadhi gani na mwendo gani, nani apige udi na nani asiitwe kabisa, turekodi siku ipi, na saa ngapi tuseme basi, imetosha. Fundi hakuwapo katika hayo na hakutaka kuwapo. Alianza pale nilipoishia. Alizipokea sauti zote zikiwa mbalimbali, kila moja na mstari wake kwenye skrini, akazishusha, akazisogeza, akazipunguza makali, mpaka zikasikika pamoja bila ya moja kuikanyaga nyingine.

"Wewe unaamua nani aalikwe," aliniambia siku moja. "Mie naamua nani akae wapi. Sasa ukinletea mgeni mlevi, usinambie nimkalishe vizuri watu wasimwone."

Mpaka huo aliulinda hadi akachusha. Nilikuwapo siku aliyokuja kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kule Tunguu, na wimbo aliouunda peke yake kwenye kompyuta. Fundi aliusikiliza wote, kwa heshima, mikono magotini.

"Unataka nini?" akamuuliza.

"Nataka uunogeshe, Fundi."

"Kibwagizo chako mara kinapanda, mara kinashuka. Unakitaka wapi?"

"Mimi naona wewe utajua."

"Mwanangu, chakula hiki hakijaiva. Mie mpakuaji. Nkipakua ubichi watu watalaumu sinia?"

Kijana akacheka akidhani ni mzaha, akanitazama mimi nimsaidie kucheka, nami nikatazama sakafu. Fundi alikwisha kuchomoa kile kidude cha kuhifadhia wimbo na kumrudishia. Niliona ukatili mtupu. Miezi miwili baadaye yule kijana alirudi na kibwagizo kingine, cha kweli, na Fundi akaipokea kazi siku ile ile bila ya kumkumbusha neno. Watu walipomsifu yeye kwa kibwagizo kile, aliwaelekeza kwa kijana.

Alichanganya kwa sauti ndogo sana. Wageni wa mara ya kwanza walidhani spika ni mbovu. Alisema kila mtu ni hodari sauti ikiwa kubwa, na kwamba wimbo unaosikika vizuri ukiwa mdogo hautakuja kukutia aibu popote. Ilibidi mzuie pumzi. Ukikohoa alisimamisha, akangoja, akaanza tena mwanzo kabisa, na hakukutazama, na hilo la kutokutazamwa lilikuwa baya kuliko kukaripiwa.

Akimaliza, au akidhani amemaliza, aliutia wimbo kwenye kiredio kimoja kibovu, akateremka nao hadi dukani kwa yule Mhindi wa vitambaa. Alikiweka juu ya meza ya kukatia, akasimama mlangoni na kujifanya anaangalia wapita njia. Yule mzee wa duka aliendelea kupima kitambaa chake. Akiendelea kupima mpaka wimbo ukaisha, Fundi alipanda juu akaanza upya. Mkono ukisita, hata kidogo tu, kazi ilikuwa imekwisha. Mhindi mwenyewe nadhani hakuwahi kujua kwamba alikuwa akitumiwa namna ile.

Usimwambie nani kaimba. Hiyo ilikuwa sheria nyingine. Mistari yake aliipa namba tu. "Ukinambia jina ntamsikia yeye, sitoisikia sauti," alisema. Kwa hiyo ulipompelekea kazi ya mwimbaji mkubwa ukitaraji atashtuka kidogo, hakushtuka, na ulipompelekea mtoto wa jirani hakumdharau. Nyimbo za harusi, kaswida, taarabu, hata biti za vijana wa siku hizi zenye ngoma za kupasua kifua, zote alizikalia vile vile.

Na kila mtayarishaji aliyeingia mle aliomba jambo moja: pandisha. Pandisha ngoma, pandisha nyuzi za kanuni, pandisha besi. Sikumbuki nikimwona akipandisha. Alitafuta kinachoizuia sauti uliyoitaka, akakishusha hicho, na sauti yako ikatokea mbele yenyewe. "Kuchanganya si kuongeza," alikuwa akisema, "ni kupisha." Alilisema mara nyingi hata likachosha, na nakiri nami sasa nalisema kwa wanaonijia.

Mtu huyo aliyekuwa haivumilii feni alikuwa na skuta iliyotoboka bomba la moshi, ikilia vichochoro vizima, na hakuitengeneza miaka yote niliyomjua. Alisema masikio yake yanafanya kazi kwa mkataba. Aliyekataa kuugusa upishi wa wimbo wa mtu alikuwa akiingia jikoni kwa mkewe na kuonja kila sufuria, akitoa amri za chumvi, mpaka siku moja mkewe akamkabidhi mwiko na kwenda zake kwa jirani. Na kwenye msikiti ulio hatua ishirini kutoka mlangoni pake alikuwa haswali. Alikuwa akenda wa mbali, kwenye jua, kwa sababu spika ya ule wa karibu ilikuwa imepasuka na ilimuuma. Alijitolea kuitengeneza bure. Wazee wa pale wakamwambia inasikika, inatosha. Akahama.

Nalisema hili la spika ili ieleweke alikuwa mtu wa namna gani mbele ya adhana, maana kilichotokea baina yetu kilianzia hapo.

Studio zote za mjini kwetu zina sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Dakika kumi kabla ya adhana kila kitu kinasimama. Misikiti iko karibu, na maikrofoni haichagui. Hakuna anayetaka adhana iingie chini ya udi na maneno ya mapenzi au vijembe. Ni utovu wa adabu, na hata ukikubali wewe, wimbo huo hakuna atakayeupiga. Anayelinda saa ni mtayarishaji. Mwimbaji yuko ndani ya wimbo, wapigaji wako ndani ya wimbo, lazima abaki mmoja aliye nje.

Bi Rehema alikuja kwangu siku mbili kabla ya kusafiri kwenda Bara kufanyiwa operesheni ya koo. Madaktari walimwambia wazi kwamba sauti huenda isirudi. Alikuwa mwimbaji wa taarabu tangu sijazaliwa, na alikuwa na wimbo mmoja ambao hakuwahi kuuimba mbele ya mtu, alioutunga mwenyewe, wa kumwimbia mdogo wake. Mji mzima ulijua habari zao. Mdogo mtu aliolewa na mchumba wa mkubwa, na tangu hapo hawakusemezana, hata kwenye misiba walikaa pembe mbalimbali za ukumbi. Beti tatu za mwanzo zilikuwa za moto, zinachoma, zinataja mambo. Ubeti wa nne ulimsamehe. Ulimwita arudi nyumbani wale sahani moja kabla ya mmoja wao hajaondoka duniani.

Basi ukiuondoa ubeti wa nne, unabaki na matusi matatu yaliyotiwa udi.

Tulirekodi mchana. Bi alikuwa na pumzi ndogo, akataka dirisha la uani liwe wazi, nami nikaliacha wazi kwa kuwa ua ulikuwa kimya. Aliimba vibaya. Aliimba tena, vibaya tena, akatoa machozi, akanywa maji ya tangawizi. Saa ilikuwa inakwenda kuelekea alasiri na wapigaji walishaanza kunitazama. Halafu akasema, "Hebu mara moja tu," akafumba macho, na sauti ikafunguka. Mwenyezi Mungu anajua sijawahi kusikia kitu kama kile. Alipofika ubeti wa tatu niliangalia saa. Zilibaki dakika chache sana. Nilitakiwa niinue mkono, niseme basi, Bi, tupumzike, tutaendelea baada ya sala. Nilijua pia kwamba baada ya sala sauti ile haitakuwapo.

Niliinuka, nikaenda kwenye dirisha, nikalifunga.

Lilikuwa dirisha la mbao. Lilizuia upepo, halikuzuia kitu kingine. Adhana iliingia katikati ya ubeti wa nne, na Bi akaimba mpaka mwisho, na mimi nikakaa pale na hedifoni masikioni nikijiambia Fundi ataiondoa. Wimbo ulipokwisha, wapigaji waliweka ala chini bila ya kunitazama. 

Nilimpelekea Fundi kesho yake. Nikampa, nikakaa kwenye kile kiti kigumu. Akazima feni. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa naitazama shingo yake tu. Ulipoanza wa nne nikakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Adhana ikaingia, akasimamisha papo hapo.

"Hukuisikia?"

"Nilikuwa na hedifoni, Fundi. Nilikuwa namsikia mwimbaji tu. Na dirisha lilikuwa limefungwa, sikutegemea."

"Lilikuwa limefungwa tangu mwanzo?"

"Ndiyo. Tangu mwanzo."

Akarudisha nyuma. Akanyamazisha mstari wa mwimbaji, akanyamazisha kanuni, fidla na ngoma, akaacha maikrofoni ya udi peke yake. Siku ile alifanya jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baadaye: alipandisha sauti. Udi ukaja mkubwa, na nyuma yake chumba changu chote. Kiti kikasogea. Hatua, moja, mbili, tatu, nne. Bawaba ikalia. Komeo likaingia mahali pake. Udi ukaendelea kidogo, kisha spika ya msikiti ikakohoa kama zinavyokohoa zikiwashwa.

Akasimamisha. "Nani aliyefunga dirisha?"

"Upepo labda."

Ndipo akageuka. "Upepo umevaa viatu?"

Nilitaka kusema ni mpiga ngoma, ni mtu wa chai, ni yeyote yule.

"Sikuulizi kwa kuwa sijui," akasema. "Dirisha limefungwa kabla ya adhana, si baada. Aliyefunga aliangalia saa. Mficha maradhi, bibie."

Hakuimalizia methali. Alikuwa ananiita mwanangu. "Bibie" ilikuwa mara ya kwanza.

"Unaweza kuitoa, Fundi?"

"Kosa la kuchanganya ningelirekebisha. Hili si la kuchanganya, hili mtu kaamua. Lilivyo ndani ya sauti yake, ukivuta hiki na kile kinakuja."

"Lakini utajaribu?"

"Ntajaribu."

Nikateremka ngazi nimeshika ukuta. Sikukiri. Nilikuwa nimenaswa na bado sikukiri, na nilichukia kwamba anajua.

Bi akaenda Bara, akakatwa, akarudi. Sauti haikurudi naye. Kilichotoka kooni mwake kilikuwa mkwaruzo, kama kuni zinazoburutwa sakafuni, na yeye mwenye fahari yake akaacha kabisa kusema mbele za watu. Alikuwa anaandika kwenye simu au anaashiria kwa mkono. Wanawe walikuwa wananiuliza kila siku: wimbo umekwisha? Mama anataka kuusikia. Nikawa naogopa simu yangu mwenyewe.

Siku ya kumi na kitu Fundi akanipigia. "Njoo."

Alikuwa na namna mbili. Ya kwanza alikuwa ameipunguza adhana mpaka karibu haipo, lakini Bi alisikika kama yuko ndani ya mtungi, maneno hayashikiki. Ya pili alikuwa ameunyamazisha ubeti wa nne wote, zikabaki ala peke yake mpaka mwisho; kwenye ala adhana ilikubali kutoka.

"Chagua," akasema.

"Wewe ungechagua ipi?"

"Si kazi yangu."

"Fundi, ukitoka hivi mdogo wake atatukanwa mji mzima! Watu watauchezea harusini! Na huyu mama hawezi tena kuimba ule ubeti, unajua hawezi!"

"Najua."

"Basi nsaidie!"

"Nshakusaidia pa kusaidia," akasema, sauti yake ile ile ndogo. "Mie nnakalisha watu. Wewe ndiye unoalika."

Nikauvuta mlango kwa nguvu nikitoka, makusudi, nikijua utamuumiza masikio. Na ninaona haya kusema kwamba njiani nilifurahi kidogo.

Nyumbani niliisikiliza ile namna ya pili tena na tena, kwa hasira, nikitafuta la kulaumu. Ndipo nikaona jambo. Beti tatu za mwanzo ala zilikuwa zimejaa pale zinapotakiwa kujaa. Kwenye ubeti wa nne, sauti ya mwimbaji ilipokwisha kunyamazishwa, hakuzileta mbele kuziba pengo. Aliziacha chini, udi upande mmoja, kanuni upande wa pili, na katikati hapana kitu. Mtu mwingine yeyote angezipandisha. Nikasema, mzee huyu haniambii kwa mdomo, lakini ameniambia. Ameacha nafasi. Anangoja nimlete mtu wa kuikalia, na mtu mwenyewe ni mmoja tu.

Nilikwenda kwa Bi siku ile ile. Nikamkuta ameketi kitandani, mtandio umefunika koo. Nikamweleza ninachotaka: aje auseme ule ubeti, asiuimbe, auseme tu kwa sauti aliyo nayo. Akatikisa kichwa. Nikabembeleza. Akaandika kwenye simu, akanionyesha: Wanicheke?

Watu wangeweza kumcheka kweli. Nikajikuta nimepiga magoti pale chini kwenye mkeka, na yale niliyoshindwa kumwambia Fundi yakatoka yote.

"Bi, adhana haikutuingilia. Niliangalia saa. Nilijua. Nilikwenda nikafunga dirisha ili uendelee kuimba. Nimewaambia watu sikusikia, nimewadanganya. Ubeti wako nimeuharibu mimi."

Nilingoja anifukuze. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ile sauti yake mpya.

"Nilikuona."

"Bi?"

"Nilifumbua macho, nkakuona unafunga. Nkaendelea." Akavuta pumzi. "Nami nilikuwa nnajua ni saa ngapi. Tulikuwa wawili, mwanangu."

Akanyanyuka kutafuta viatu. Mlangoni akanishika bega. "Lakini dirisha uliache wazi. Sina pumzi."

Tuliurekodi asubuhi, mbali na sala yoyote, dirisha wazi. Aliusema mara moja tu. Katikati ya mstari wa tatu mtu wa samaki alipita nyuma ya ua akinadi, na Bi akangoja apite, akamalizia. Nikamwuliza kama anataka kurudia. Akakataa kwa mkono.

Fundi aliupokea bila ya kugeuka. Akauweka mahali pake, katikati, na ukakaa. Hakugusa ala hata moja. Mkwaruzo wa mtu aliyeimba miaka yote ile ukawa unamwita mdogo wake nyumbani, udi huku, kanuni kule, na yule mtu wa samaki kwa mbali. Nililia wazi wazi. Kisha nikasema, "Fundi, ahsante. Ahsante kwa kuniachia nafasi."

Akawasha feni, akaizima tena.

"Haya," akasema mwishowe.

Wimbo ulipigwa redioni wiki ile. Hakuna aliyecheka. Siku ya tatu mdogo wake Bi alifika mlangoni amebeba sinia limefunikwa kawa, na wanawe waliniambia wale wazee wawili walikula hawakusema neno, mmoja kwa sababu hawezi na mmoja kwa sababu analia. Bi aliishi hadi mwaka uliofuata.

Hadithi ya ile nafasi niliitembeza. Niliwaambia waimbaji, niliwaambia wapigaji, nilialikwa hata kule Tunguu kuzungumza na wanafunzi, nikawasimulia jinsi mchanganyaji mkubwa anavyosema bila ya kusema: anakuachia pengo, na kazi yako mtayarishaji ni kulisikia. Waliandika kwenye madaftari yao.

Mara ya mwisho nilimkuta Fundi Chukwani. Alikuwa ameacha kazi. Sikio la kulia lilianza kupiga mluzi, kisha likazimika, akachukuliwa na binti yake akae naye. Nilimkuta barazani, amevaa shuka na fulana, televisheni ndani inanguruma na yeye hana habari. Nilikuwa sijazoea kumwona uso. Nilimwamkia upande wa sikio zima, akaitikia marahaba, akaniita mwanangu.

Tulizungumza habari za mji, nani kafungua studio, nani kafunga. Nikamwambia kwamba wimbo wa Bi bado unapigwa, na kwamba kila ninapokwenda nasimulia ile nafasi aliyoniachia.

"Nafasi gani?"

"Ile ya ubeti wa nne, Fundi. Ulivyoziacha ala chini, katikati wazi, ili nimlete."

Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la mtu. Kisha akatikisa kichwa polepole.

"Sikuacha nafasi yoyote."

"Fundi, nilisikia mwenyewe."

"Ulisikia kazi ya nusu. Nilishindwa kuzipandisha. Kila nkizipandisha juu ya pale alipokuwapo, naona nnamfukia na yuhai. Mkono ulikataa. Sauti ile hukunambia ya nani, lakini nani asiyemjua? Nkakuita uichukue hivyo hivyo, nkiogopa utanambia mbona haijakwisha."

"Kwa hiyo hukufikiri kwamba angeweza kurudi?"

"Mie? Nilijua wimbo umekufa. Kumleta ni fikra yako. Uliyeitayarisha ni wewe."

Nilitazama mikono yangu. Miaka yote ile nilikuwa natembea na hakika kwamba palikuwa na mtu mkubwa nyuma yangu anayejua njia. Ilinijia hofu iliyochelewa, kwa kufikiri ni kidogo tu kilichobakia nisiende kwa Bi siku ile. Furaha ilikuja nyuma kabisa, na sikujua niiweke wapi. Halafu likanijia swali. Mtu huyu alikuwa anarudisha hata sifa ya kibwagizo ikiwa si chake.

"Mbona hukunambia siku ile ile? Nilikushukuru mbele yako, ukasema haya."

Aligeuza uso kidogo. Ndani televisheni ilikuwa inapiga tangazo, na binti yake akaja kuipunguza.

"Ulinambia ahsante," akasema. "Nimechanganya nyimbo za mji huu tangu enzi za kanda. Mtayarishaji ananambia pandisha, ananambia shusha, ananambia mbona imechelewa. Ile ndiyo ahsante ya mwanzo. Nilijua si yangu, mwanangu, nkashindwa kuirejesha."